Kumchagulia mhusika wako mungu: anza na miiko

Karatasi ya mhusika imekaribia kujaa. Umeshaandika jina, silaha, pesa za kuanzia, hata kovu la shavuni na lilikotoka. Imebaki nafasi moja tupu: mungu wake. Hapo wachezaji wengi wa Dungeons & Dragons na Pathfinder, michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wa hadithi kwa kanuni na dadu, ninaokaa nao meza moja hapa Mtwara hufanya jambo lile lile. Wanafungua orodha, wanatafuta mungu anayetoa nguvu kubwa kuliko wenzake, wanaandika jina, basi. Vikao vinapita na jina lile halitajwi tena.

Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Kabla hujatazama mungu atakupa nini, tazama anakukataza nini. Nguvu zitakufaa vitani, lakini mwiko ndio unaomsimamisha mhusika njiani, unaomgombanisha na wenzake, unaomfanya siku moja aamue jambo ambalo wewe mchezaji hukulitegemea. Mwongozo huu umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Kubalianeni mezani

Huku kwetu hatua hii hairukwi. Meza moja inaweza kuwa na mtu aliyetoka kuswali Alasiri Mikindani na mwingine aliyekulia jirani na misheni ya Ndanda, na wote wawili wanaambiwa "chagua mungu". Ukimwona mwenzako anasita, usimcheke na usimsukume. Anayo haki ya kusita.

Semeni waziwazi kwamba miungu wa mchezo ni viumbe vya hadithi, sawa na mfalme au joka. Anayewasemea ni msimulizi, yule anayeendesha mchezo, na hakuna anayewaomba kwa kweli. Sisi tuna kanuni moja inayosaidia sana: ibada inasimuliwa, haifanywi. "Kuhani anapiga magoti, anaomba apewe njia" inatosha. Aya, zaburi, dua na sala za kweli hazihamishwi kuletwa mchezoni, hata kwa nia njema. Na adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, kikao kinasimama mpaka wanaoswali warudi.

Kama mtu bado hataki, mpeni nafasi ambayo haimlazimishi. Mpiganaji, mwizi au mchawi wa vitabuni hahitaji mungu yeyote ili acheze vizuri. Katika kanuni za D&D za 2014, hata paladini, askari wa imani, nguvu yake inasimama juu ya kiapo alichokula, na druidi, mganga wa pori, anaweza kuitegemea asili yenyewe. Kuhani ndiye ambaye kazi yake haiendi bila mungu, na katika Pathfinder kuhani lazima amtaje wake.

Jambo la pili la kukubaliana ni mipaka ya kuazima. Kusini kuna mambo yenye wenyewe: ngoma ya mapiko ya Wamakonde, jando, unyago, matambiko ya mizimu ya koo. Yapo, yanafanyika, na wengine wetu tumepitia. Usiyageuze kuwa orodha ya miungu ya kupigana nayo kwa dadu ya pande 20. Ukitaka kitu chenye harufu ya nyumbani, utakibuni mwenyewe. Nitalieleza hilo mbele.

Hatua ya 2: Jueni mko dunia gani

D&D ilitoka mara ya kwanza mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo imezaa dunia nyingi. Inayojulikana zaidi ni Forgotten Realms, ambako bara kuu la hadithi zake ni Faerûn. Pathfinder ina dunia yake, Golarion. Miungu wa huku hawapo kule, kwa hiyo muulize msimulizi kabla hujampenda mtu ambaye hayupo.

Kuhusu vitabu, ambavyo ni ghali na kuvifikisha huku ni kazi: kanuni za msingi za D&D zinazoitwa SRD 5.1 zilitolewa mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons, unazipakua bure. Ila humo miungu wa Faerûn hawamo. Utakuta wale wa kale wa Wagiriki, Wamisri, Wakelti na watu wa kaskazini ya Ulaya, na kuhani ameelezwa kwa nyanja moja tu (fungu la nguvu anazopewa na mungu wake), ya Uhai. Pathfinder ni wakarimu zaidi. Kanuni zao ziko bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys, na kila mungu ana ukurasa wake wenye amri zake, miiko yake na silaha anayoipenda. Kwa anayesoma kwenye simu kwa bando la kubana, mimi humwambia aanze na miungu wa Golarion hata kama meza yake inacheza D&D. Atajifunza namna ya kumfikiria mungu wa mchezo, kisha atamtafuta anayelingana naye kwingine.

Hatua ya 3: Muulize mhusika alikuwa nani kabla ya safari

Nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Anaitwa Somoe, binti wa nahodha wa jahazi, amezaliwa katika mji wa bandari. Mtu wa kwanza utakayemfikiria ni mungu wa bahari. Hapo ndipo pa kusimama kwanza.

Ukiwa Faerûn, mungu wa bahari ni Umberlee. Mabaharia hawampendi, wanamwogopa. Wanamtupia sadaka majini wakiondoka ili asiwazamishe, basi. Kwa hiyo nahodha baba yake Somoe angemtolea Umberlee kila safari, na bado asingemtumikia hata siku moja. Tofauti hiyo kati ya kumpa mungu haki yake na kuwa mtu wake ni kubwa, na wachezaji wengi hawaioni. Watu wa kawaida wa Faerûn huwaheshimu miungu wengi kwa mara moja: mkulima humwomba Chauntea mavuno, na papo hapo akamsihi Talos asimletee dhoruba. Kuhani ndiye anayejifunga kwa mmoja. Hivyo kwenye karatasi yako andika mambo mawili: anaowaheshimu kwa sababu ya kazi yake au hofu yake, na yule mmoja anayemtumikia, kama yupo.

Ukiwa Golarion, bahari ni ya Gozreh, na huyu mtu wa mwambao atamwelewa haraka. Ana sura mbili: baharini ni mwanamke ambaye nywele zake zinageuka mawimbi, angani ni mzee mwenye ndevu nyeupe ndefu anayetokea kwenye mawingu ya dhoruba. Aliyeishi na kusi na kaskazi, akajua upepo uleule unaokuleta nyumbani unaweza kukuzuia miezi, hahitaji kuelezwa kwa nini mungu mmoja ana nyuso mbili. Ila miiko ya Gozreh iko upande wa pori: usiharibu mahali penye uzuri wa asili, usiupeleke mji ukavamia nyika. Binti wa bandari, aliyekulia kwenye kelele za makuli na wachuuzi, kweli hilo ndilo linalomgusa moyo?

Basi uliza swali la pili, ambalo ndilo lenye uzito: mhusika huyu amepoteza nini? Somoe amempoteza baba. Jahazi lilizama, maiti haikuonekana. Wanapwani tunaujua msiba usio na kaburi, jinsi unavyokataa kwisha. Ukishalijua hilo, bahari inarudi nyuma na mungu mwingine kabisa anajitokeza: Pharasma, wa kuzaliwa na kufa, anayezihukumu roho. Mkunga humwomba, na mchimba kaburi humwomba. Moja ya amri zake ni kuwalaza wafu mahali pao pa kupumzika. Somoe amekuwa kuhani wa Pharasma kwa sababu kuna maiti moja hakuweza kuizika. Kazi ya baba ilitupeleka baharini, lakini jeraha ndilo lililotupa jibu. Mara nyingi huenda hivyo, na ndiyo maana nasema usiishie kwenye kazi.

Kwenye Faerûn, Somoe huyu huyu angekwenda kwa Kelemvor, mungu wa wafu ambaye zamani alikuwa binadamu, na ambaye hawavumilii wafu wanaotembea.

Usiishie pia kwenye sifa ya kwanza ya mungu. Cayden Cailean wa Golarion hutajwa kama mungu wa pombe, na wengi hapa humruka papo hapo. Lakini amri yake nyingine ni kuwaacha huru watumwa na kuwasaidia wanaoonewa, na kummiliki mtumwa ni mwiko kwake. Kwa mhusika aliyetoroka msafara wa watumwa, kwenye mwambao uliobuniwa kwa kuitazama Kilwa Kivinje ya karne ya 19, huyo ni mungu mzito sana, na habari ya pombe mnaweza kukubaliana na msimulizi kuiweka pembeni.

Hatua ya 4: Soma miiko, kisha ijaribu

Toleo la pili la Pathfinder, la mwaka 2019, limemwekea kila mungu amri na miiko yake kwa maandishi. D&D haina utaratibu huo kwa kila mungu, kwa hiyo ukicheza D&D kaa na msimulizi mwandike miiko miwili au mitatu inayotokana na tabia ya mungu wenu. Msiache hewani.

Sasa chukua kila mwiko ujiulize: ni siku gani mhusika wangu atatamani kuuvunja? Kama huioni siku hiyo, mwiko huo ni pambo. Kama unaiona katika kila kikao, utawakwamisha wenzako. Unatafuta katikati, na katikati hiyo inategemea kikundi.

Miiko ya Pharasma ni hii: usiumbe wafu wanaotembea, usiinajisi maiti, usiibe kaburini. Huo wa tatu ni moto. Nusu ya hadithi za michezo hii ni watu kushuka makaburini kutafuta dhahabu! Kabla hujamwandika Pharasma, mwambie msimulizi na wenzako. Kama kampeni yote, yaani hadithi nzima ya vikao vyenu, ni ya makaburi ya wafalme, tafuta mungu mwingine, au kubalianeni kwamba Somoe ataingia kuwatuliza waliomo na hatagusa mali zao, na mwizi wa kikundi ajue hivyo mapema. Kwetu liliwahi kutokea jambo kama hilo, na mazungumzo yaliyozaliwa mlangoni mwa kaburi yalikuwa matamu kuliko pambano lolote la usiku ule:

"Bibi kuhani, shikamoo. Tunaomba ruhusa tu ya kufungua."
"Marahaba, mwanangu. Kufungua nitafungua mimi. Ila utakachokikuta mkononi mwa marehemu, kitabaki mkononi mwa marehemu."

Sarenrae, wa jua na uponyaji, anakataza uongo, na anakataza kumnyima nafasi anayetubu. Wachezaji wapya humpenda kwa ajili ya kuponya, halafu adui aliyewachomea kijiji anapiga magoti na kusema amekosa. Msimulizi anakutazama wewe. Hapo ndipo utajua kama ulimchagua kweli.

Erastil ni wa mashamba, uwindaji na familia, na nadhani ndiye anayemfaa zaidi mhusika wa kijijini, mtu wa kupalilia na kuokota korosho. Lakini ana mwiko wa kutelekeza nyumbani wakati nyumbani kunakuhitaji, na mwingine wa kuitanguliza nafsi yako mbele ya jamii. Sasa mhusika wako ni mtu wa safari. Aliondokaje? Nani alibaki na shamba? Habari ikimfikia katikati ya safari kwamba msimu umeanza na mama anaumwa, atafanya nini? Mwiko mmoja umekupa hadithi nzima, na msimulizi hajatoa jasho.

Abadar ni wa miji, biashara na sheria, na mahekalu yake hufanya kazi za benki. Kama msimulizi wako anabuni mji wa biashara, ana mfano wa kuutazama zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya mji wa Lindi: Kilwa Kisiwani, iliyopitisha dhahabu ya Sofala, ikafua sarafu zake yenyewe, akaifikia Ibn Battuta mwaka 1331, na mwaka 1981 magofu yake yakaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Kuhani wa Abadar katika mji kama ule angesimama mizanini. Miiko yake ni wizi, ujambazi na kuidhoofisha mahakama inayofuata sheria. Mweke kwenye kijiji ambako mkulima ameshauza korosho zake kwa kangomba, nje ya mnada, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anataka ada leo na mnada ni wiki ijayo. Sheria imevunjwa. Mkulima ameumia. Mnunuzi anatabasamu. Kuhani wa Abadar anaanzia kwa nani? Sina jibu moja la swali hilo, na ndiyo sababu napenda kumwona mtu akimcheza Abadar huku kusini.

Desna, wa ndoto, nyota na wasafiri, ni mwepesi kuishi naye: saidia wasafiri wenzako, nenda mahali papya, usimtie mtu hofu au kukata tamaa. Anafaa kwa anayeanza. Tatizo lake ni kwamba hakusukumi sana.

Hatua ya 5: Sasa tazama nguvu

Hapa nitapita upesi, kwa sababu vitabu vyenyewe vinalieleza vizuri. Katika D&D ya 2014 kuhani huchagua nyanja tangu ngazi ya 1, na kitabu cha wachezaji kina saba: Maarifa, Uhai, Nuru, Asili, Tufani, Hila na Vita. Katika toleo la 2024 uchaguzi huo umesogezwa mpaka ngazi ya 3. Kwa Kelemvor, nyanja ya Kaburi iliyoongezwa mwaka 2017 inamkaa vizuri kuliko zile saba.

Katika Pathfinder mungu anaamua zaidi: nyanja zako, silaha, na kama chemchemi yako ya nguvu ni ya kuponya au ya kudhuru. Pharasma anatoa kuponya, na silaha yake ni jambia. Kwa Somoe nimelifanya kisu cha baba cha kukatia kamba za tanga, kitu pekee kilichobaki nyumbani siku ya safari ya mwisho. Ukiona silaha ya mungu haimfai mhusika, tafuta kwanza namna ya kuifanya iwe na historia kabla ya kubadili mungu.

Hatua ya 6: Mpe mazoea

Mungu asiyeonekana katika matendo ya kila siku atasahaulika. Chagua tendo moja dogo, lisilozidi sentensi moja kulisimulia. Alama ya Pharasma ni mstari unaojizungusha kuelekea ndani. Somoe huuchora mchangani kwa kidole kabla ya kuvuka maji yoyote, hata kijito. Mwongezee neno moja analolisema juu ya maiti, ya rafiki au ya adui. Kisha mpe shaka moja. Somoe hajui kama roho ya baba ilifika kuhukumiwa au bado iko majini, na amewahi kujiuliza kama Pharasma anamficha. Shaka hiyo mwambie msimulizi peke yake. Siku jahazi la wafu litakapotokea gizani, likiwa na nahodha anayetembea kwa mwendo unaoujua, utashukuru ulimwambia.

Hatua ya 7: Mkiamua kubuni wenu

Meza nyingine zinapenda dunia yao wenyewe. Vizuri. Msibuni miungu kumi. Bunini watatu, na kila mmoja awe na kazi, amri mbili, miiko miwili, na mmoja kati ya hao watatu ambaye hapatani naye.

Chukueni mbegu kwenye ardhi na historia ya huku badala ya kwenye ibada za watu. Mfano ninaoupenda ni Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa melini. Kiunzi kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu kimesimama hadi leo kwenye makumbusho ya Berlin. Sasa fikiria mungu aliyelala chini ya tambarare, ambaye mwili wake umechukuliwa vipande vipande kupelekwa ng'ambo. Amri zake: kumbuka kila kitu kilipotoka, rudisha kilichochukuliwa. Miiko yake: usihamishe mfupa kutoka ulipolazwa; usimbebeshe mtu mzigo ambao wewe hungeubeba. Kuhani wake ana safari ya maisha mbele yake, na akikutana na Somoe watapatana kwa mengi, mpaka siku watakapogombania nani mwenye haki ya kuamua mfupa ulale wapi.

Hatua ya 8: Mwiko ukivunjwa

Mwulize msimulizi hili kabla ya kikao cha kwanza. Katika toleo la pili la Pathfinder, kuhani anayevunja miiko mara kwa mara au kwa uzito anaweza kupoteza maajabu anayopewa na mungu wake mpaka afanye ibada ya toba. D&D ya sasa inamwachia msimulizi. Mimi napendelea hatua kwa hatua: kwanza ndoto mbaya au ishara, kisha nguvu moja inakataa wakati inahitajika, na kunyimwa kabisa kuje mwisho, mchezaji akiwa ameonywa waziwazi. Toba nayo iwe kazi ya kufanya, kama kurudisha, kuzika au kuomba radhi kwa aliyekosewa, isiwe pesa ya kulipa hekaluni.

Na mhusika anaweza kumwacha mungu wake akaenda kwa mwingine. Ruhusuni hilo, ila litokee mezani, mbele ya wenzake, kwa sababu iliyoonekana kwenye hadithi. Kalamu isifute jina kwenye karatasi kati ya kikao na kikao.